Bia yako ya kwanza inachachuka au imekwama? Mwongozo kamili wa kuikagua

Wanaopika bia nyumbani kwa mara ya kwanza huuliza maswali yanayofanana mno. "Nimetia hamira jana jioni, mpaka sasa hakuna hata povu moja, niimwage?" Mwingine: "Ilichemka siku mbili ikanyamaza, imekufa?" Wa tatu haulizi, anaarifu tu: "Mapovu yamekwisha, nimeshaijaza kwenye chupa." Huyo ndiye wa kumhofia.

Wote watatu wameamini macho. Aliyekulia penye mbege au busaa ana jicho zuri la kuitambua pombe inayochemka, ila pombe hizo hunywewa zikiwa bado zinaendelea kuchachuka. Bia ya chupa sharti imalize kwanza, na kumaliza hakuonekani kwa macho. Kunapimwa.

Mwongozo huu unahusu bia ya kimea cha shayiri ya lita 20 hivi, iliyopikwa kwa kopo la kimea kizito au kwa unga wa kimea, ikatiwa hamira ya ale (aina ya bia inayochachuka bila kuhitaji ubaridi mkali), kwa matumizi ya nyumbani pale sheria inaporuhusu. Kupika kwa kuuza kunataka leseni, na hilo ni somo lingine.

## Vifaa

- Haidromita ya bia pamoja na silinda yake. Ukiikosa hii, nusu ya mwongozo haitakufaa. Soma karatasi iliyomo ndani yake ujue imetengenezwa isome sawasawa kwenye nyuzi ngapi za Selsiasi. Nyingi ni 20, baadhi ni 15.6.
- Kipimajoto. Kile cha kubandika ubavuni mwa ndoo kinatosha.
- Ndoo yenye koki, au bomba safi la kuchotea sampuli.
- Dawa ya kuua vijidudu isiyohitaji kusuuzwa. Ukiikosa, tumia jiki isiyo na manukato: kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 za maji, loweka dakika 20, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usichanganye jiki na siki wala dawa nyingine yoyote, hutoa gesi ya sumu.
- Tochi.
- Pakiti ya akiba ya hamira ya bia, gramu 11 hivi, ikae kwenye friji.
- Daftari na kalamu. Namba za kukumbuka kichwani hupotea.

## Hatua ya 1: Jua ulipoanzia

Haidromita huonyesha kimiminika ni kizito kiasi gani kikilinganishwa na maji. Maji matupu husoma 1.000. Sukari ya kimea hupandisha namba, na hamira inapoila sukari hiyo na kutoa pombe na gesi, namba hushuka. Kipimo cha siku ya saba hakikwambii kitu kama hukijui cha siku ya kwanza.

Hukupima? Kwa bia ya kopo au ya unga wa kimea unaweza kukokotoa. Pointi moja ni 0.001 juu ya 1.000, kwa hiyo 1.045 ni pointi 45. Kila kilo ya kimea kizito huchangia pointi 300 hivi ikiwa kwenye lita moja, kilo ya unga wa kimea pointi 365, kilo ya sukari pointi 385. Jumlisha, kisha gawa kwa lita za bia. Kopo la kilo 1.7 pamoja na kilo 1 ya sukari ni 510 + 385, yaani 895. Gawa kwa 20 upate karibu 45, hivyo uzito wa mwanzo ni 1.045. Ukijaza maji hadi lita 23, unashuka hadi 1.039.

Mara nyingi hesabu hii huaminika kuliko kipimo chenyewe. Mpishi mgeni humimina kimea kilichochemshwa, huongeza maji baridi juu, huchota sampuli kabla vitu havijachanganyika, kisha anashangaa kusoma 1.030 au 1.070. Ikiwa kopo liliisha lote na lita ni zile zile, fuata hesabu.

Kama ulikamua kimea cha punje mwenyewe, hesabu hii haikusaidii, kwa kuwa sukari iliyotoka hutegemea ulivyoloweka. Hapo kipimo cha mwanzo ni lazima.

## Hatua ya 2: Soma joto la ndoo, siyo la chumba

Hamira nyingi za ale hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22. Zikiwa kwenye kazi kali hutoa joto lake zenyewe, na ndani ya ndoo panaweza kuwa na nyuzi 2 hadi 5 zaidi ya chumbani.

Hili ndilo huwaponza wa Dar es Salaam na Mombasa. Chumba chenye nyuzi 29 hufanya bia ichachuke kwenye nyuzi 32 au zaidi. Itachemka kwa kishindo na kumaliza mapema, mwenyewe atafurahi, halafu baada ya wiki tatu atakunywa kitu kinachochoma koo na kunuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Kwa maneno mengine, bia hiyo ilichachuka lakini haikuchachuka vizuri.

Dawa yake ni hii. Weka ndoo ndani ya beseni kubwa, jaza maji hadi nusu ya kimo cha ndoo, tumbukiza chupa mbili za maji yaliyogandishwa za lita 1.5, ubadilishe asubuhi na jioni. Fulana iliyolowa na feni husaidia pia, ingawa pwani, kwenye hewa nzito ya unyevu, barafu ndiyo hufanya kazi kubwa. Siku tatu za kwanza ndizo za kulinda kuliko zote, kwa sababu ladha mbaya nyingi huzaliwa humo. Huna friji ya kugandishia? Tafuta hamira za jamii ya kveik kutoka Norway. Ile ya Voss hupenda nyuzi 30 hadi 40, na huko haiharibu ladha.

Upande wa pili kuna wa Mbeya, Arusha na Nairobi mwezi wa Julai, na ndugu walioko Leeds au Minneapolis wakati wa baridi. Ndoo iliyo sakafuni ikishuka chini ya nyuzi 16, hamira nyingi za ale husinzia. Iinue kutoka sakafuni, ifunge blanketi.

Jikumbushe pia joto la siku ile ya kutia hamira. Kama maji ya kimea yalikuwa bado yanazidi nyuzi 40, chukulia kwamba sehemu kubwa ya hamira ilikufa.

## Hatua ya 3: Saa 72 za kwanza, usifungue

Saa 12 za mwanzo huwa kimya. Hamira inatumia hewa iliyomo na kujiongeza idadi. Kati ya saa ya 12 na ya 36 utaona utando mweupe wa povu, kisha povu zito lenye madoa ya kahawia. Siku ya pili hadi ya nne povu huwa juu kabisa. Siku ya tano hadi ya saba hushuka, na bia huanza kuwa nyangavu kutoka juu kwenda chini.

Hamira iliyokaa sana dukani, baridi, au kimea ambacho hakikutikiswa kupata hewa vinaweza kuchelewesha mwanzo mpaka saa ya 72. Kabla ya hapo, bia iliyonyamaza haina tatizo linalohitaji mkono wako. Kila ukifungua kifuniko unaingiza vumbi na vijidudu, halafu unakuwa na tatizo kweli.

## Hatua ya 4: Kipumulio hakitoi mapovu

Kipumulio ni kile kibomba chenye maji kinachokaa juu ya kifuniko. Watu hukikodolea macho kama runinga, na ndicho kinachodanganya kuliko vyote. Mapovu yake yanathibitisha tu kwamba kifuniko kimebana.

Lita 20 za bia ya 1.045 hutoa zaidi ya lita 300 za gesi mpaka imalize. Gesi hiyo hupita palipo rahisi. Kama ukingo wa kifuniko una mwanya, au kile kiraba kinachoshika kipumulio kimelegea, haipandi tena kwenye maji. Ndoo nyingi za plastiki ziko hivyo, na bia hutoka salama.

Jaribu: bonyeza katikati ya kifuniko kidogo sana kwa kidole. Maji ya kipumulio yakisogea na kukaa yaliposogea kwa muda, kifuniko kinabana. Yakirudi mara moja, kinavuja. Kaza ukingo, lowesha kiraba, basi. Usizibe kwa gundi wala usiondoe kipumulio ukafunga ndoo kabisa: gesi isiyo na njia hupasua ndoo.

Na kinyume chake hutokea. Bia iliyokwisha zamani inaweza kutoa mapovu mchana, jua likipasha chumba, kwa sababu kimiminika chenye joto hushika gesi kidogo. Ukihamisha ndoo, pia itabwabwaja. Hayo si kuchachuka upya.

Povu likipanda mpaka ndani ya kipumulio, kitoe, chomeka mpira safi, upande wa pili uuzamishe kwenye jagi lenye maji ya dawa. Ukiacha hivi hivi, mashapo ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) huziba tundu na kifuniko kinaruka hadi darini. Ndiyo maana lita 20 hazipikwi kwenye ndoo ya lita 21. Chukua ya 25 au 30.

## Hatua ya 5: Mulika tochi

Zima taa, mulika ubavuni mwa ndoo. Unatafuta vitu viwili: povu juu ya bia, au mduara wa uchafu wa kahawia uliogandamana juu kidogo ya usawa wa bia. Mduara huo ni alama ya povu lililopanda likashuka. Ukiuona, uchachukaji ulifanyika, hata kama ulitokea usiku mmoja ukiwa umelala. Chini kutakuwa na tabaka la mashapo ya rangi ya maziwa. Ile bia "iliyochemka siku mbili ikanyamaza" kwa kawaida ina vyote viwili, na haijafa.

Vyote vikikosekana saa 72 zikiwa zimepita, nenda kwenye kipimo.

## Hatua ya 6: Pima

Pima siku ya tatu ikiwa huoni dalili yoyote. Ukiziona, subiri siku ya saba. Kupima kila siku ni kupoteza bia na kualika uchafu.

a) Safisha koki ndani na nje, silinda na haidromita kwa dawa.

b) Chota kiasi cha mililita 100, au kinachotosha haidromita ielee bila kugusa chini. Funga ndoo hapo hapo. Ukitumia koki, chungulia kipumulio kwanza: bia ikitoka, hewa huvutwa ndani na maji ya kipumulio hufuata. Kwa hiyo kijaze maji yaliyochemshwa au pombe kali, usikijaze jiki.

c) Acha sampuli ipoe au ipashe hadi karibu na nyuzi za haidromita yako. Kwa haidromita ya nyuzi 20, sampuli ya nyuzi 25 ongeza 0.001, ya nyuzi 30 ongeza 0.003 hivi. Wa pwani akisoma 1.010 bila kurekebisha, bia yake kwa kweli iko 1.013.

d) Izungushe haidromita kwa vidole. Viputo vya gesi vikiishika huinyanyua na kukupa namba kubwa kuliko halisi.

e) Weka jicho usawa wa kimiminika, soma pale kilipo bapa, siyo kingo zinazopanda kwenye kioo. Andika tarehe, saa, joto na namba.

f) Onja. Usirudishe sampuli kwenye ndoo hata kama inakuuma kuimwaga.

Wenye kipimo cha kutonesha tone kwenye kioo na kuchungulia, kiwekeni kando sasa. Pombe hupotosha mwanga wake, na kitakuonyesha bia imekwama wakati imekwisha.

Tuchukue bia iliyoanzia 1.045. Ukisoma 1.043 au zaidi baada ya saa 72, haijaanza. 1.030 siku ya tatu ni katikati ya safari, iache. 1.020 siku ya saba inatia shaka: pima tena baada ya siku tatu, na ikiwa haijasogea, imekwama. Kati ya 1.008 na 1.012, imefika au imekaribia.

Kwa bia nyingine, zidisha pointi za mwanzo kwa 0.25 upate makadirio ya mwisho. Iliyoanzia 1.052 itarajie 1.013. Bia yenye kilo nzima ya sukari hushuka zaidi, hata 1.006, kwa sababu sukari ya dukani huliwa yote. Kiasi cha pombe ni mwanzo kutoa mwisho, mara 131.25. Kutoka 1.045 hadi 1.010 ni asilimia 4.6.

## Hatua ya 7: Kama haijaanza, au imekwama

Haijaanza kabisa. Chukua pakiti ya akiba. Chemsha mililita 100 za maji, yaache yapoe hadi nyuzi 30 au 35, tia kijiko cha chai cha sukari, nyunyiza hamira, funika. Ndani ya dakika 30 inapaswa kutoa povu. Isipotoa, imekufa, na kuimimina kwenye bia ni kazi bure. Ikitoa, mimina yote na utikise ndoo kwa nguvu dakika mbili. Wakati huu hewa inatakiwa. Dalili zianze ndani ya saa 24.

Hamira ya mandazi? Itachachusha, ndiyo. Tarajia bia yenye ladha ya mkate na mashapo yasiyotulia. Ni bora kuliko kuacha sukari tupu igeuke siki, lakini usiifanye chaguo la kwanza.

Imekwama katikati. Kabla ya kulaumu hamira, tumbukiza haidromita kwenye maji safi ya nyuzi zake. Ikisoma 1.004 badala ya 1.000, toa 0.004 kwenye vipimo vyote. Karatasi ya ndani ikiteleza kidogo tu, "bia iliyokwama" huzaliwa.

Haidromita ikiwa nzima, pandisha joto hadi nyuzi 20 au 22, uizungushe ndoo polepole ili hamira iliyolala chini inyanyuke, bila kufungua na bila kuitikisa. Kutoka hapa hewa ni adui: bia iliyochachuka ikipata hewa huwa na ladha ya karatasi iliyolowa. Subiri siku tatu, pima.

Isiposhuka, andaa hamira mpya kama hapo juu na uitie ikiwa inatoa povu. Kuitupa kavu kwenye bia yenye pombe mara nyingi hakufui dafu. Usiongeze sukari "kuiamsha": hamira italila donge jipya na kuacha la zamani palepale.

Isiposhuka tena, yawezekana kilichobaki hakiliki. Bia nyeusi za kopo na zile zenye kimea kilichokaangwa au sukari ya maziwa huishia 1.016 hadi 1.020 kwa haki yake.

## Hatua ya 8: Harufu na ngozi ya juu

Harufu ya mayai viza siku za mwanzo ni ya hamira, hupotea. Ladha ya tofaa bichi au siagi maana yake bia haijaiva: iache siku tatu zaidi ikiwa na joto lile lile. Vipande vya kahawia vinavyoelea, na mabonge kama ya krimu, ni povu na hamira.

Ngozi nyembamba nyeupe iliyokunjamana, yenye mapovu makubwa chini yake, ni vijidudu vingine vimeingia. Bia itakuwa chachu. Usiijaze kwenye chupa, maana vijidudu hivyo hula sukari ambazo hamira iliziacha na gesi huendelea kujaa. Ukungu wenye manyoya wa kijani, mweusi au wa waridi hauna mjadala: mwaga, kisha utupe mpira na koki, kwa kuwa mikwaruzo ya plastiki huhifadhi mbegu zake.

Ladha ya dawa ya hospitali hutokana na klorini ya maji ya bomba au jiki isiyosuuzwa. Haiondoki kwa kusubiri.

## Hatua ya 9: Thibitisha imekwisha kabla ya chupa

Unahitaji vipimo viwili vilivyo sawa, vilivyopishana siku tatu, cha kwanza kisiwe kabla ya siku ya 10. Kikiwa 1.011 leo na 1.010 siku tatu baadaye, bado. Vikiwa sawa lakini viko pointi nane juu ya makadirio, rudi hatua ya 7.

Sababu ya ukali huu ni hesabu. Kila pointi moja inayoliwa ndani ya chupa, tuseme kutoka 1.011 hadi 1.010, huongeza karibu nusu lita ya gesi kwa kila lita ya bia. Bia ya kawaida hubeba lita 2 hadi 2.6 za gesi kwa lita. Ukiijaza ikiwa na pointi sita bado, halafu ukaongeza sukari ya chupa, umeipita mara mbili, na kioo hakina subira hiyo.

Sukari ya chupa ni gramu 6 kwa lita, yaani gramu 3 kwa chupa ya nusu lita. Pima kwa mizani, maana vijiko hutofautiana. Tumia chupa za bia zilizotengenezwa kuhimili gesi. Za mvinyo, konyagi na asali hupasuka.

Katika kila awamu jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda ya nusu lita kutoka ndoo ile ile, ibonye hewa itoke, uifunge. Iminye kila asubuhi. Itakuwa laini, kisha ngumu kama soda mpya ndani ya wiki moja au mbili: weka moja ya kioo kwenye friji siku nzima uionje. Ikiwa ngumu kama jiwe siku ya tatu au ya nne, vaa glavu nene na miwani, funika chupa za kioo kwa taulo, zihamishie zote kwenye friji, na zikishakuwa baridi kabisa fungua vizibo kimoja kimoja juu ya sinki kuachia gesi.